Zuberi Mtemvu

Zuberi Mtemvu alikuwa mwanasiasa wa Tanganyika (leo sehemu ya Tanzania), mwanzilishi wa chama cha African National Congress (ANC) cha nchi hiyo. Ndiye mtu pekee aliyewahi kushindana na Julius Nyerere kugombea urais.

Katika TANU

TANU ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na Mtemvu alikuwa mmoja wa watendaji wake wa mwanzo. Wanachama walikuwa Waafrika tu, lakini Nyerere alisisitiza kwamba Wazungu na Waasia wenye makazi nchini wangekuwa raia wenye haki sawa baada ya uhuru.

Kura tatu

Serikali ya kikoloni ilipanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa miaka 1958-1959 kwa mfumo wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Hivyo Waafrika, waliokuwa karibu wananchi wote, walipewa viti sawa na kila moja ya jamii mbili ndogo. Tena kura ilikuwa ya wenye elimu, cheo au kipato cha kutosha tu.

Katika mkutano wa TANU mjini Tabora, Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi huo. Nyerere aliwashawishi washiriki, kwa kuwa kususia kungewaachia Baraza wapinzani wao wa United Tanganyika Party (UTP). Mtemvu aliona kwamba kushiriki ni kuukubali ubaguzi. Alijitoa, akaanzisha ANC mwaka huohuo kwa msimamo kwamba Afrika ni ya Waafrika.

Matokeo ya uchaguzi yaliipa nguvu hoja ya Nyerere: TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na UTP ikafifia.

Uchaguzi wa 1962

Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, Nyerere alipata kura 1,127,978 na Mtemvu 21,276, yaani chini ya asilimia 2. Januari 1963 TANU iliamua nchi iwe na chama kimoja, jambo lililowekwa katika katiba mwaka 1965. Mtemvu alirudi TANU.

Umuhimu

Wote wawili walitaka uhuru. Walitofautiana kuhusu njia, na kuhusu nani ahesabiwe mwananchi. Miaka hiyohiyo Wamarekani weusi walikuwa na mjadala wa karibu na huo: Martin Luther King alidai usawa kwa kushirikiana na Wazungu, Malcolm X alitaka kwanza watu weusi wajenge nguvu zao wenyewe.

Kushindwa kwa Mtemvu hakukumaliza madai ya Waafrika kushika vyeo. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito (leo Lugalo, Kinondoni) waliasi wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza.