Maisha ya Heinrich Hertz na Chanja Yake ya Nyaya

Ndugu zetu wa pwani waliokwenda kufanya kazi Thika na Ruiru huenda wameyaona, juu ya mapaa ya huko, yale masahani ya wavu wa chuma yanasayo televisheni. Upepo wapita, mvua yapita, wala mawimbi hayapiti. Tumeona yafaa kueleza sababu yake kwa kusimulia maisha ya Heinrich Hertz.

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 22 Februari 1857, mwana wa wakili. Utotoni alipenda useremala, na ujanani alisoma hata Kiarabu. Mwaka 1885 alipewa ualimu wa chuo cha Karlsruhe.

Tangu 1865 Maxwell, mtu wa Skotilandi, alikuwa amedai kwa hesabu kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku. Ushahidi ndio uliokosekana. Hertz akarusha cheche upande mmoja wa chumba, na upande wa pili, penye waya wenye mwanya mdogo, cheche nyingine ikaruka, hali hapana kilichoziunganisha.

Je, mawimbi hayo ni jamaa ya nuru kweli? Mwaka 1888 alitengeneza fremu ya mbao ya mita 2, akaitandika nyaya za shaba nene milimita 1, zilizoachana sentimita 3, kama chanja. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi. Nyaya zilipofuata upande wa mtetemo wa umeme, cheche ilizimika. Fremu ilipogeuzwa robo, cheche ikarudi. Waya unaoufuata mtetemo huupa umeme njia ya kutembea, na wimbi hurudishwa. Waya unaoukingama hauupi njia. Tumelipenda jaribio hili kwa wepesi wake: seremala yeyote wa mjini petu angeliweza kuiunda fremu ile.

Mianya ikizidi urefu wa wimbi, wimbi hutoka likitawanyika pande kadha wa kadha. Hivyo ndivyo Fraunhofer alivyoichambua nuru kwa nyaya nyembamba mwaka 1821. Matundu ya sahani lakini ni madogo mno, basi kwa wimbi wavu ule ni ukuta. Wataalamu wa leo huweka chanja za chuma hata juu ya feraiti, kitu cha sumaku kichomwacho kama chungu, ambapo nguvu ya sumaku ikibadilishwa, mwendo wa mawimbi nao hubadilika.

Hertz hakuyaona hayo. Maradhi yalimshika, akapasuliwa mara kadhaa, akafariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, umri wake miaka 36, akiacha mke na binti wawili. Baba yake alizaliwa Myahudi kabla ya kuingia Ukristo. Kwa hiyo Wanazi walipotawala, picha yake iliondolewa katika jumba la mji wa Hamburg, na mjane na mabinti wakahamia Uingereza katika miaka ya 1930. Jina lake lilikuwa limekwisha kufanywa kipimo cha mitetemo mwaka 1930, na kipimo hicho hawakuweza kukiondoa.