Aliishia darasa la nane, akaongoza Goldman Sachs

Najua uko wapi saa hii. Una orodha ya vyuo kwenye simu, na kila unayemuuliza anakwambia ukikosa chuo chenye jina kubwa, usahau kazi ya benki za uwekezaji, zile zinazosaidia kampuni kuuza hisa na kununuana. Kabla hujabonyeza, hebu nikusimulie kuhusu Sidney Weinberg.

Jamaa alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1891, kwenye familia ya watoto 11. Masomo yake yaliishia darasa la nane. Utotoni aliuza magazeti, na mgongoni alibaki na makovu ya visu. Kugombania mahali pa kuuzia haikuwa mchezo.

Mwaka 1907 aliingia jumba moja refu mtaa wa mabenki, akapanda hadi ghorofa ya juu kabisa, kisha akashuka akibisha mlango baada ya mlango akiomba kazi. Goldman Sachs wakamchukua awe msaidizi wa mfagiaji. Alipangusa kofia za mabosi, akatoa matope kwenye viatu vyao na kuosha vyombo walivyotemea mate.

Paul Sachs, mmoja wa wenye kampuni, aliona kijana huyu ana kitu. Akamhamishia chumba cha barua, na Weinberg akakipanga upya chote. Halafu Sachs akampeleka Browne's, chuo cha biashara hapo Brooklyn, arekebishe mwandiko wake. Kumbuka hapo, nitarudi.

Mwaka 1925 kampuni ilimnunulia kiti kwenye Soko la Hisa la New York. 1927 akawa mshirika. Kisha 1929 soko likaanguka, na hisa za kampuni yao ya uwekezaji, zilizoanza kwa dola 104, zikaporomoka hadi chini ya dola 2. Jina la Goldman Sachs likawa aibu mjini. 1930 usukani ukapewa yule msaidizi wa mfagiaji. Aliushika hadi alipofariki mwaka 1969. Hisa za kampuni ya Ford zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1956, yeye ndiye aliyekuwa mshauri wa familia ya Ford. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 600.

Ati sasa unataka kuachana na chuo? Pole pole.

Mimi niliacha chuo, na kwa muda mrefu hadithi kama hii ndiyo ilikuwa dawa yangu ya usingizi. Lakini nilikuwa naruka ile sehemu ya Browne's. Weinberg alipopata nafasi ya kusoma, aliingia darasani. Tena mwanawe John, aliyekuja kuongoza kampuni hiyo hiyo, alipitia Princeton na Harvard. Baba alijua mlango alioingilia yeye haungebaki wazi.

Kwa hivyo chagua chuo unachoweza kulipia hadi mwisho, chenye hesabu, uhasibu na fedha za kueleweka, na kinachokusaidia kupata atachimenti. Jina kubwa likikupata, sawa, chukua. Likikukosa, usikae nyumbani ukililia. Weinberg alianzia kwenye matope ya viatu vya watu, lakini alipoitwa darasani, alienda.