Nicolas Appert, Mpishi Aliyewapa Wote Siri Yake

Nicolas Appert alizaliwa mwaka wa 1749 katika mji wa Châlons, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na wasafiri wengi walishukia hapo kula na kulala. Chuo cha kijana huyo kilikuwa jikoni. Huko alijifunza kupika, kutengeneza pombe, kujaza chupa, na kutunza akiba ya vyakula. Alipokuwa mtu mzima akawa mpishi katika nyumba za wakuu, kisha akafungua duka lake mwenyewe katika mji wa Paris, akauza vitu vitamu vya sukari.

Siku zile watu walikuwa na njia chache za kuweka akiba ya chakula. Walikausha nyama juani au kwa moshi, ama walitia chumvi, siki au sukari. Walakini chakula kilichowekwa hivyo hubadilika ladha yake. Mabaharia na askari walipata taabu kuliko wote, kwa kuwa walikaa miezi mingi mbali na mashamba, wakila nyama ya chumvi na mikate mikavu migumu. Nao waliougua hawakuwa na kitu laini cha kuwatia nguvu.

Mwaka wa 1789 yalitokea mapinduzi makubwa katika Ufaransa, na Appert naye akaingia katika mambo hayo. Mwaka wa 1794 alikamatwa akatiwa gerezani, akakaa humo kama miezi mitatu. Wengi wa siku zile walitoka gerezani kwenda kuuawa, bali yeye alifunguliwa akiwa mzima. Ndipo aliporudia sufuria zake.

Basi akaanza kujaribu. Alitwaa chupa nene za kioo, akatia ndani njegere, maharagwe, maziwa, mchuzi, au nyama iliyokwisha kupikwa karibu ya kuiva. Akaziba midomo ya chupa kwa vizibo, akavifunga kwa waya visitoke. Kisha akavika kila chupa mfuko wa nguo nzito, ili zisigongane na kuvunjika, akazisimamisha katika sufuria kubwa ya maji, akachochea moto hata maji yakachemka. Kila chakula kilikuwa na muda wake wa kuchemshwa. Mara nyingine chupa zilipasuka, na mara nyingine kizibo kilipitisha hewa, chakula kikaharibika. Yeye hakukata tamaa. Miaka mingi ilipita naye angali akijaribu.

Baadaye alifanya kiwanda katika kijiji cha Massy, karibu na Paris. Mboga zilichumwa karibu na kiwanda, zikatiwa katika chupa zingali mbichi, kabla hazijanyauka. Mwaka wa 1803 wakuu wa manowari za Ufaransa walizijaribu chupa zake katika bandari ya Brest. Ziliwekwa muda wa miezi mitatu, kisha zikafunguliwa. Mchuzi ulikuwa mwema, nyama ililika, na njegere na maharagwe yalikuwa kana kwamba yametoka shambani.

Tena mtu huyu, kwa kuwa alikuwa mpishi, alimkumbuka yule atakayefungua chupa siku ya haja. Chakula chake kilikuwa kimekwisha kupikwa. Hakikuhitaji kuni nyingi wala saa nyingi. Mchuzi aliufanya mzito, hata ukitiwa maji ya moto ulitosha watu zaidi. Njegere zilitaka kupashwa moto tu, na kukolezwa kwa chumvi na siagi. Hata mtu asiyejua kupika aliweza kumwandalia mgonjwa chakula chenye ladha ya nyumbani, katikati ya bahari.

Sasa Appert alifika kwenye njia panda. Aliweza kuiomba serikali haki ya kuufanya ufundi huo peke yake, na kila mtu mwingine angelazimika kumlipa. Au aliweza kupokea zawadi ya serikali ya faranga 12,000, kwa sharti la kuandika kitabu na kuwafunulia watu wote siri yake. Appert alichagua zawadi na kitabu. Mwaka wa 1810 kitabu chake kikapigwa chapa, na kila aliyetaka akajifunza.

Mwaka huohuo, huko London, mtu aitwaye Peter Durand alipata hati ya kuweka chakula kwa njia hiyo, hata katika vyombo vya bati. Haukupita muda mrefu, Waingereza wakawa na kiwanda cha mikebe, nao mabaharia wao wakala nyama yake. Mikebe ile ya kwanza ilikuwa minene, nayo ilifunguliwa kwa tindo na nyundo. Wengine wakapata mali. Appert akapata hasara. Mwaka wa 1814 majeshi ya adui yaliingia Ufaransa, na kiwanda chake cha Massy kikaharibiwa. Ijapokuwa alikuwa mzee, alianza tena, akafanya mikebe ya bati yeye naye. Mwaka wa 1822 alipewa heshima ya kuitwa mfadhili wa wanadamu. Lakini heshima haijazi chungu. Alikufa katika Massy mwaka wa 1841, mwenye umri wa miaka 91, akiwa maskini, akazikwa katika kaburi la watu wote.

Appert hakujua barabara kwa nini njia yake ilifaulu. Miaka zaidi ya 20 baada ya kufa kwake, Louis Pasteur alionyesha ya kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo viozeshavyo chakula, na ya kuwa moto huviua. Baadaye ilijulikana kwamba viko vijidudu vinavyostahimili maji ya kuchemka. Kwa hiyo viwanda vya siku hizi hutumia mvuke wenye joto kupita maji hayo. Na mkebe uliovimba au unaovuja hautumiwi kamwe, hata kama njaa ni kali, kwa maana waweza kuwa na sumu.

Leo mafuriko yakibomoa nyumba, au vita vikiwafukuza watu makwao, mara nyingi mikebe huwa katika msaada wa kwanza uwafikiao. Mama huweka mafiga matatu, hubandika sufuria, humimina maharagwe au samaki wa mkebe, hutia maji kidogo na kitunguu akiwa nacho, na baada ya kitambo kidogo watoto wanakula. Yamkini mama huyo hajalisikia kamwe jina la Appert. Walakini moto wa kwanza wa chakula kile uliwashwa na yule mpishi wa Massy, ambaye angaliweza kuificha siri yake, naye hakuificha.