Mtakatifu Augustino, Mkatekumeni kwa Miaka 32

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, mahali ambapo leo ni nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mpagani, mwenye shamba dogo na cheo katika baraza la mji. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu wa kweli. Mama huyo alimtoa mtoto wake angali mchanga, akatiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya kuwapokea wakatekumeni siku zile. Lakini ubatizo haukufuata. Hata alipougua tumbo kwa ghafula, akaomba mwenyewe abatizwe, watu wa nyumbani waliahirisha mara alipopata nafuu. Waliogopa kwamba dhambi za ujana zingekuwa nzito zaidi kwake yeye aliyekwisha kuoshwa. Desturi hiyo ilikuwa mbaya, na Augustino aliilaumu baadaye.

Basi akakua akiwa mkatekumeni kwa jina tu. Akili yake ilikuwa kali. Wazazi wakajinyima, akapelekwa Carthage kusoma. Huko akakaa na mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto wa kiume, Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Roma, kilichowahimiza watu watafute hekima kuliko mali. Tangu siku hiyo hakuweza kuacha kujiuliza mtu yupo duniani kwa ajili ya nini. Akajiunga na wafuasi wa Mani, waliojigamba kwamba wanayo majibu yote, akawa kwao miaka 9. Wao walimfundisha kwamba mtu akikosa, si yeye mwenyewe anayekosa, bali ni asili nyingine mbaya iliyomo ndani yake. Kwa kijana mwenye dhambi, mafundisho kama hayo ni matamu.

Alirudi Thagaste kufundisha, na huko alikuwa na rafiki aliyempenda kama nafsi yake. Rafiki huyo akashikwa na homa kali, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipozinduka, Augustino alifanya mzaha juu ya ubatizo huo, akidhani watacheka pamoja. Mgonjwa akamtazama kama adui, akamwonya asiseme tena hivyo. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa. Augustino hakuweza kukaa tena katika mji ule. Kila njia ilimkumbusha aliyekufa. Alijiuliza kwa nini moyo wake unahuzunika hivyo, na moyo haukuwa na la kumjibu.

Mwaka 383 alikwenda Roma, akimdanganya mama yake usiku ule wa kusafiri. Mwaka uliofuata akapata kazi ya heshima Milano, ya kufundisha ufasaha wa kusema. Siku moja alikuwa njiani kwenda kumsifu Kaisari kwa hotuba iliyojaa uongo, roho yake imechoka. Akamwona maskini mmoja aliyelewa, anacheka na kufurahi. Akawaambia rafiki zake kwamba maskini yule amekwisha kupata kwa vipesa vichache furaha ambayo wao wanaitafuta kwa taabu nyingi, ingawa si furaha ya kweli.

Huko Milano alimsikiliza Askofu Ambrosi. Mwanzoni alikwenda kusikia ufasaha wake tu, lakini maana ya maneno ikaingia pamoja na maneno. Hata hivyo alitaka kwanza awe na hakika juu ya mambo ya Mungu kama alivyokuwa na hakika kwamba saba na tatu ni kumi. Kisha akaanza kuichungulia hakika yenyewe. Macho huona mbuzi saba na mbuzi watatu. Lakini hesabu yenyewe nani aliyewahi kuiona au kuigusa? Tajiri hawezi kuibadili, na mtumwa huiona ile ile, wala haipunguki kwa kuonwa na wengi. Basi ukweli uko juu ya akili zetu, nazo huangaziwa nao.

Mwaka 386, katika bustani moja, neema ilimshinda. Akaacha kazi yake. Yule mama wa mtoto alikuwa amekwisha kurudishwa Afrika, naye Augustino hakuliandika jina lake popote. Hilo si jambo la kumsifu. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi akambatiza, pamoja na Adeodatus na rafiki yao Alypius. Monika aliyaona hayo, akafa mwaka ule ule huko Ostia.

Waliporudi Thagaste, baba na mwana walizungumza juu ya mwalimu, na Augustino akafanya mazungumzo hayo kuwa kitabu. Je, fikira huingia akilini kwa maneno? Augustino alitwaa mfano katika kitabu cha Danieli: vazi fulani la wale vijana watatu katika tanuru ya moto. Asiyelijua vazi hilo husikia jina lake kama mlio tu. Akionyeshwa vazi, ndipo jina linapata maana. Na mambo yasiyoonekana, kama haki na ukweli? Hayo mwanafunzi huyatazama ndani, katika mwanga wa Kristu, Mwalimu akaaye rohoni. Maneno ya mtu humhimiza kutazama tu. Adeodatus alikuwa na miaka 16. Augustino alishuhudia kwamba mawazo ya kijana katika kitabu yalikuwa yake kweli, na kwamba akili ile ilimtia hofu. Muda mfupi baadaye kijana akafa.

Mwaka 391 watu wa Hippo walimshika Augustino kanisani, akafanywa padri huku akilia. Halafu akawa askofu wao. Alifundisha kwamba mtu ameumbwa ili amfurahie Mungu, na vitu vingine ni vya kutumia safarini, kama chombo cha msafiri. Ole wake anayekipenda chombo hata akasahau kwao. Shemasi mmoja wa Carthage, Deogratias, alimlalamikia kwamba huchoka kurudia mafundisho yale yale kwa wanaoanza. Augustino akamjibu kwamba naye karibu kila mara hakupendezwa na hotuba zake, kwa sababu wazo humulika akili kama umeme, lakini ulimi huja nyuma polepole. Tena akamshauri awape wasikilizaji viti, wasichoke kwa kusimama.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Mwezi wa tatu wa vita Augustino alishikwa na homa. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akitoa machozi, wala hakutaka mtu aingie ila waganga na walioleta chakula. Akafa tarehe 28 Agosti, mwenye miaka 75. Hakuacha wasia, maana hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe.