Kabla Hujasaini Barua ya Kumkataa Kocha

Muhula uliopita nilisaini barua. Timu yetu ya magongo hapa chuoni ilikuwa imepigwa mechi nne mfululizo, tukakaa nyuma ya hosteli, mtu akaleta karatasi, tukaandika majina kwamba kocha hatumtaki. Mimi nilikuwa wa tatu kusaini. Kocha akaondoka bila kelele. Timu ikabaki vilevile: magongo yaleyale yaliyozungushiwa solotepu, uongozi uleule, na vipigo vilevile. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za makocha, na aliyenikaa kichwani ni mzee mmoja wa Kanada aliyefariki mwaka 1957. Anaitwa Dick Irvin.

Mchezo wake si huu wetu wa kwenye nyasi. Kwao hoki huchezwa juu ya barafu, wachezaji sita kila upande, wamevaa viatu vyenye vyuma chini, na kombe wanalolililia linaitwa Stanley. Lakini matatizo ya timu, ndugu zangu, ni yaleyale, uwe kwenye barafu au kwenye vumbi.

Irvin alizaliwa mwaka 1892 huko Hamilton, Ontario, akakulia Winnipeg, mji wa baridi kali kwelikweli. Alikuwa mchezaji hasa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alivaa gwanda la jeshi la Kanada, akarudi akaendelea na hoki. Timu ya Chicago Black Hawks ilipoanza mwaka 1926, yeye ndiye aliyekuwa nahodha wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 34, umri ambao wengi wameshastaafu, na bado akamaliza msimu akiwa wa pili kwa pointi katika ligi nzima ya NHL. Msimu uliofuata aligongwa, fuvu la kichwa likavunjika. Mwaka 1929 akaacha kucheza.

Akageukia ukocha. Msimu wa 1930/31 aliifikisha Chicago fainali, wakafungwa na Montreal Canadiens michezo mitatu kwa miwili. Ungedhani mwenye timu angemkumbatia. Wapi! Frederic McLaughlin alikuwa tajiri wa kubadilisha makocha kama mtu anavyobadilisha shati, na Irvin akafungashiwa virago.

Hakukaa sana mtaani. Toronto walianza msimu wa 1931 vibaya, michezo mitano bila ushindi hata mmoja. Bosi wao, Conn Smythe, akamwondoa kocha na kumwita Irvin. Majira ya kuchipua ya 1932 Toronto wakabeba kombe, wakiwafunga New York Rangers michezo mitatu mfululizo.

Hapa nilipofika nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Si unaona? Kocha anabadilishwa, kombe linakuja. Sisi tulikosea wapi? Nikaendelea kusoma, cheko likaisha. Baada ya kombe lile, Irvin aliifikisha Toronto fainali mara sita zaidi: 1933, 1935, 1936, 1938, 1939 na 1940. Zote sita alipoteza. Mwaka 1940 Smythe akachoka, akampa kazi Hap Day.

Sasa twende Montreal, maana hapa ndipo pana somo langu. Canadiens, timu kongwe na yenye jina, ilikuwa hoi. Kiangazi cha 1939 walimteua Babe Siebert kuwa kocha, na kabla hajaongoza hata mchezo mmoja akafa maji ziwani. Msimu uliofuata ulikuwa msiba juu ya msiba: michezo 48, ushindi 10 tu, wa mwisho katika timu saba. Watazamaji wakapungua ukumbini.

Wenye timu hawakuishia kwa kocha. Walianza juu. Umeneja wakampa Tommy Gorman, mwandishi wa habari wa zamani aliyekuwamo katika kuianzisha NHL mwaka 1917, na ambaye alishabeba makombe akiwa Ottawa, Chicago na Montreal Maroons. Ukocha wakampa Irvin. Kisha wakaleta damu changa: Elmer Lach, Ken Reardon, John Quilty. Yaani meneja mpya, kocha mpya, wachezaji wapya, kwa mkupuo mmoja.

Unadhani mwaka wa kwanza walishika nafasi ya ngapi? Ya sita kati ya saba. Na mwaka wa pili? Ya sita tena. Hebu jiulize, kwa tabia yetu, huyo kocha angefika mwaka wa tatu? Sisi tulimtimua wetu kwa mechi nne.

Wao walisubiri. Mwaka 1942 akaingia kijana anayeitwa Maurice Richard, akavunjika mguu katika msimu wake wa kwanza. Wapo waliosema mifupa yake ni laini mno kwa hoki. Hakuachwa. Irvin akampanga mbele pamoja na Lach na Toe Blake, na golini akaja Bill Durnan. Msimu wa 1943/44 Canadiens walicheza michezo 50, wakashinda 38, wakapoteza 5, wakachukua kombe. Ni kweli kwamba vita vilikuwa vimezinyang'anya timu nyingine wachezaji wengi, na hilo liliwasaidia. Lakini msimu uliofuata Richard alifunga mabao 50 katika michezo 50, jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Kombe likaja tena 1946, na tena 1953.

Irvin mwenyewe hakuwa mtu rahisi. Pombe hakunywa, sigara hakuvuta, nyumbani alifuga kuku na njiwa. Uwanjani lakini alikuwa moto, na alijua kuwasha moto wa wenzake. Machi 1955 Richard alimpiga mwamuzi msaidizi katika mchezo uliofanyika Boston. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia hadi mwisho wa msimu. Tarehe 17 Machi Montreal ikalipuka kwa ghasia, maduka yakavunjwa vioo. Fainali ya mwaka ule Canadiens wakaipoteza kwa Detroit katika mchezo wa saba.

Frank Selke, aliyekuwa meneja baada ya Gorman, akaona kwamba Richard anahitaji mtu wa kumpoza, si wa kumchochea. Irvin akaondoka baada ya miaka 15. Nafasi yake akapewa Toe Blake, nahodha wake wa zamani. Blake akabeba kombe mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960.

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu, na nisingependa kulificha. Kumwondoa Irvin mwaka 1955 hakukuwa kosa. Selke alijua ni nini hasa kimeharibika, akarekebisha hicho. Wenye timu wa 1940 nao walijua kwamba ugonjwa umeanzia juu, wakaanzia juu, kisha wakavumilia. McLaughlin yeye alibadilisha tu.

Irvin alirudi Chicago kwa msimu mmoja, timu ikamaliza ya mwisho. Safari hii hakuna aliyehitaji kumfukuza. Saratani ya mifupa ilimlazimisha kuacha, na Mei 1957 akafariki Montreal akiwa na miaka 64. Aliacha nyuma ushindi 692 katika michezo ya kawaida ya ligi, mwingi kuliko wa kocha yeyote wa wakati wake, makombe manne, na fainali kumi na mbili alizopoteza. Mwaka uliofuata jina lake likaingia katika jumba la heshima la hoki, na aliingizwa kama mchezaji.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ile barua yetu ilikuwa na mistari sita, nimeitafuta nakala yake nikaisoma upya. Hakuna mahali tulipoandika kwamba mazoezini tulikuwa tunafika watu saba. Hakuna mahali tulipouliza hela za vifaa zinaishia wapi. Jina langu lipo pale, la tatu kutoka juu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Wiki hii nimeanza kumtafuta yule kocha. Nikimpata sina la kumrudishia, ila nitamwambia nilisaini bila kuuliza.