Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja Aliyejenga Kwaya kwa Sauti Tatu

Ilipopendekezwa katika kamati ya kijitabu kwamba ukurasa huu wa maisha ya mwimbaji umwendee Freddie Mercury, baadhi yetu walishtuka, na tunajua baadhi yenu mtashtuka pia. Hakuwa Mkristo. Maisha yake ya starehe yalikuwa mbali na yale tunayofundishana hapa. Alikuwa kiongozi wa bendi ya roki, Queen, na kelele za bendi hiyo zingewatoa wazee wetu kanisani kabla ya matangazo. Hata hivyo tumemchagua, kwa sababu ya jambo ambalo kila mwanakwaya wa Garissa analijua kwa uchungu: kuimba mkiwa wachache. Walimu, wauguzi na watumishi wa serikali huja mji huu, hujifunza nyimbo zetu, kisha barua ya uhamisho inafika na sauti ya tatu inabaki na mtu mmoja. Mtu huyu alikuwa na jibu lake kwa tatizo hilo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika mji wa Zanzibar, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, jamii yenye asili ya Uajemi iliyoishi India kwa karne nyingi na kushika dini ya Zarathustra. Baba alikuwa keshia wa mahakama chini ya serikali ya kikoloni ya Waingereza. Mwaka 1955, akiwa na miaka 8 tu, mtoto huyo alipelekwa India katika shule ya bweni ya St Peter's, mji wa Panchgani. Wale kati yenu mliopelekwa bweni mkiwa wadogo mnajua usiku wa kwanza ulivyo. Hapo shuleni, palipofuatwa desturi za Kanisa la Kiingereza, alijifunza piano na kuimba katika kwaya ya shule. Hapo pia alianza kuitwa Freddie. Pamoja na wenzake waliunda bendi iliyoitwa The Hectics, lakini hakuwa mwimbaji mkuu. Alikaa kwenye piano.

Kuna habari ya meno yake. Kinywani mwake mliota meno ya ziada, yakayasukuma ya mbele yatokeze, na wanafunzi wenzake wakamtania kwa hilo. Baadaye alipokuwa na fedha za kuyarekebisha mara kumi, alikataa. Aliogopa kwamba kinywa kikibadilika, sauti nayo ingebadilika. Aliona haya kwa meno hayo hadi mwisho, lakini sauti aliiacha ilivyo.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Januari 1964 Mapinduzi yakatokea, na familia ikaondoka kwenda Uingereza na mali kidogo, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Alisoma sanaa ya uchoraji na usanifu katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Alibeba mizigo ya abiria uwanjani, akauza mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 hao wawili na mpiga gitaa Brian May walianzisha Queen, na mwaka uliofuata John Deacon akajiunga kwenye gitaa la besi. Freddie ndiye aliyechagua jina la bendi, akachora nembo yake, na akajipa jina la Mercury. Katika albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1973, upo wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu Yesu na miujiza yake. Hatutaki kuukuza kuliko ulivyo. Upo tu.

Sasa tufike kwenye sauti. Mwaka 1975 walirekodi Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 ambao katikati yake linaingia kundi kubwa la waimbaji kama wa opera. Kundi hilo halikuwapo. Walikuwa watu watatu: Taylor akichukua sauti za juu kabisa, May za chini, Freddie za katikati. Waliimba sehemu moja, wakairekodi, wakairudia juu ya ile ya kwanza, kisha tena na tena, siku nyingi, hata ukanda wa studio ukachakaa kwa kupitishwa kwenye mashine. Freddie alikuwa na mpango wote kichwani na aliwagawia wenzake sauti kipande kwa kipande. (Masikio ya Garissa yatatambua humo pia neno moja la Kiarabu, lile ambalo majirani zetu Waislamu hulitamka kabla ya kula.) Wimbo ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki 9.

Mwaka uliofuata alitunga Somebody to Love, na huu ndio tunaowaomba waimbaji wetu wausikilize. Alimpenda sana Aretha Franklin, aliyelelewa katika muziki wa kanisa la Wamarekani Weusi, naye akataka bendi yake isikike kama kwaya ya injili. Ni watu wale wale watatu. Sikilizeni jinsi waitikiaji wanavyomwachia kiongozi nafasi, wanavyonyamaza pamoja na kurudi pamoja. Mwalimu wa kwaya yeyote aliyewahi kubembeleza sauti ya pili isimeze ya kwanza ataelewa kazi iliyofanyika pale. Teknolojia ilisaidia, ndiyo, lakini mashine haimfundishi mtu kuingia kwa wakati.

Hatutaficha doa. Oktoba 1984 Queen walipiga muziki Sun City, katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wanamuziki wengi walikuwa wamekubaliana kutokwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya waliovunja mgomo huo. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, tunaona lilikuwa kosa zito.

Miezi 9 baadaye, tarehe 13 Julai 1985, alisimama uwanja wa Wembley katika tamasha la Live Aid la kuchangia walioathiriwa na njaa ya Ethiopia. Wazee wetu wanaukumbuka ukame wa 1984. Ulipiga Ethiopia, ukapiga na kwetu, mifugo ikafa, na mahindi ya njano yakaletwa kutoka ng'ambo. Queen walipewa kama dakika 20. Freddie, bila chombo chochote kumsaidia, alitupa sauti tupu kwa watu wapatao 72,000, nao wakaitikia; akaipandisha, wakamfuata. Kila mwanzilishi wa nyimbo anajua hofu ya kutoa sauti na kutoitikiwa.

Mwaka 1987 aligunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Alikaa kimya na karibu kila mtu, na tusiwe wepesi kumlaumu, maana katika miaka hiyo hata hapa Kenya familia ngapi zilizika mtu na kusema ni malaria? Kazi hakuiacha. Mwaka 1988 ilitoka albamu yake na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania. Mwaka 1991, mwili ukiwa umeisha, alikuwa bado anaingia studio ya Montreux, Uswisi, akiimba kipande kwa kipande kadiri nguvu zilivyoruhusu. Wimbo wa mwisho, Mother Love, hakuumaliza. Ubeti uliobaki aliuimba Brian May.

Tarehe 23 Novemba 1991 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ana UKIMWI. Kesho yake alifariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45. Makuhani wa dini ya wazazi wake waliongoza mazishi. Mwaka uliofuata rafiki zake walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao umegharimia kazi za kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo.

Nyumbani Zanzibar hawajakubaliana juu yake. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, kikundi cha dini cha Uamsho kilipinga na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Mji Mkongwe, Barabara ya Kenyatta. Nyimbo mbili tulizozitaja tutazicheza kwenye spika Alhamisi ijayo kabla ya mazoezi. Asiyependa anaweza kuchelewa dakika 15.