KIJANA ALIYETOA ALUMINI BANDANI



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kemia alinirudishia daftari langu la majaribio bila kulisahihisha. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikuandika tarehe. Nilinung'unika sana, maana niliona tarehe ni jambo dogo. Nilipokwenda kulalamika, alinipa kazi ya kusoma habari za Mmarekani mmoja, Charles Martin Hall. Nimezisoma, na sasa sinung'uniki tena. Naomba niwasimulieni.

Hall alizaliwa tarehe 6 Desemba, 1863, katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Tangu utoto kijana huyu alipenda kusoma kitabu cha Kemia alichokikuta nyumbani.

Siku hizo alumini ilikuwa kitu cha fahari. Ajabu yake ni kwamba hakuna metali iliyo nyingi kuliko hiyo katika gamba la dunia. Imo hata katika udongo wa mfinyanzi. Lakini imeshikana na oksijeni kwa nguvu kubwa, hata moto wa makaa, ambao hutoa chuma katika mawe yake, hauwezi kuitenga. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka Washington, waliweka kileleni kipande cha alumini cha kilo 3 hivi. Siku hiyo, tarehe 6 Desemba, ndiyo siku Hall alipotimiza miaka 21.

Wakati huo alikuwa mwanafunzi katika chuo cha Oberlin. Profesa wake, Frank Jewett, aliwaeleza wanafunzi kwamba atakayegundua njia rahisi ya kutoa alumini atawafaa wanadamu wote na kupata utajiri. Hall aliyaweka maneno hayo moyoni. Alipomaliza masomo mwaka 1885, aliendelea na kazi hiyo katika banda la kuni nyuma ya nyumba yao. Tanuri alijitengenezea, na betri pia, kwa vyombo alivyoazimwa na profesa wake. Dada yake Julia, aliyekuwa amesoma Kemia katika chuo hicho hicho, alikuwa akiijua kazi hiyo hatua kwa hatua.

Shida ilikuwa hii: alumina, yaani alumini pamoja na oksijeni yake, haiyeyuki mpaka ipate joto la digrii zaidi ya 2,000. Hall alitafuta chumvi ambayo, ikishayeyuka, ingeweza kuyeyusha alumina ndani yake, kama maji yanavyoyeyusha sukari. Mwezi wa Februari, 1886, aliona kwamba kriolaiti inafaa, nayo huyeyuka kwa digrii 1,000 hivi. Akapitisha umeme, lakini hakupata alumini. Hakukata tamaa. Alifikiri kwamba chungu chake cha udongo ndicho kilichokuwa kikiyeyuka na kuharibu mchanganyiko, basi akakitandika kaboni ndani. Tarehe 23 Februari alipasua ule mchanganyiko uliopoa, akakuta vidonge vidogo vinavyong'aa kama fedha. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Kumbe huko Ufaransa kijana mwingine, Paul Héroult, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1863, alikuwa amegundua njia ile ile. Héroult alipeleka ombi lake la hataza mwezi wa Aprili, 1886. Hall alipeleka lake mwezi wa Julai. Je, haki ni ya nani? Sheria ya Marekani iliangalia siku ya uvumbuzi wenyewe. Hapo ndipo barua zenye tarehe na ushahidi wa Julia vilipomwokoa. Hall alipewa hataza yake mwaka 1889.

Hata hivyo matajiri wa kwanza aliowaendea hawakumsaidia mpaka mwisho. Mwaka 1888 alipata wenzake katika mji wa Pittsburgh, wakaanzisha kiwanda. Ilipofika mwaka 1893 ratli moja ya alumini iliuzwa chini ya dola moja. Hall alifariki mwezi wa Desemba, 1914, na sehemu kubwa ya mali yake aliiachia elimu. Héroult naye alikufa mwaka huo huo.

Hata leo alumini hutolewa kwa njia hiyo ya vijana wawili. Sufuria ambayo mama hunipikia ugali ni jamaa wa vidonge vile vya bandani. Jina la Hall linajulikana; la Julia husahauliwa, nami naona si haki.

Ndugu zangu, msijaribu jambo hili nyumbani, kwa maana mvuke wa chumvi zile ni sumu. Lakini jambo moja twaweza kumwiga Hall sote. Daftari langu jipya sasa lina tarehe juu ya kila ukurasa, hata wa majaribio yaliyonishinda.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu